Nota Chungu ya Daktari Fidla

Wahenga hawakukosea waliposema kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni wazi: ziko kazi zinazotaka nguvu mbili zikutane, na moja ikibaki peke yake itapapasa tu mpaka chawa akimbie. Wengi hudhani methali hii inahusu watu wawili. Lakini daktari tunayemsimulia hapa alikuwa mtu mmoja, na vidole vyote viwili alikuwa navyo mwenyewe.

Mwanamke huyu alikuwa mtafiti wa ubongo katika hospitali kubwa, na papo hapo mtunzi wa muziki wa okestra. Asubuhi alikaa maabara akitazama mistari ya umeme wa ubongo ikipanda na kushuka kwenye kompyuta. Jioni alikaa mezani kwake, penseli sikioni, akiandika nota za fidla. Hospitalini walimbandika jina la Daktari Fidla, na si wote waliolitaja kwa mapenzi. Bingwa wa upasuaji, mzee mkali kama pilipili, alisonya kila alipomwona akipigapiga meza kwa vidole mkutanoni. "Hapa ni hospitali, si ukumbi wa harusi," alimwambia. Mama yake mzazi naye hakuwa nyuma.

"Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka. Chagua!"

"Mama, nikiacha moja, hili lingine litabaki yatima," alijibu huku akicheka, na hakuchagua. Jamani, alikuwa na moyo huyu mwanamke! Kusemwa nyumbani na kazini, na bado akaamka kila siku kufanya yote mawili vizuri.

Aliyemtia katika muziki alikuwa mjomba wake, kaka wa mama, mpiga fidla hodari aliyemfundisha tangu utotoni. Sasa mjomba huyo akaanza kuangusha vikombe. Kisha vidole vyake vya kushoto, vile vinavyobonyeza nyuzi, vikaanza kumsaliti jukwaani. Picha za kichwa zilionyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo, jirani kabisa na sehemu inayoendesha mkono wa kushoto.

"Usipotolewa, utakuua," Bingwa alimweleza bila kuzunguka. "Ukitolewa, mkono huenda usifanye kazi tena."

"Basi niacheni nife nao mzima," mjomba akasema. "Bila mkono huu nitabaki kula na kulala tu. Hayo si maisha yangu." Mama alilia, akambembeleza kaka yake, wapi!

Ndipo Daktari Fidla alipotoa wazo lake. Mjomba apasuliwe akiwa macho, ngozi ya kichwa ikitiwa ganzi, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Na apige fidla palepale kitandani. Kabla ya kukata popote, Bingwa angegusa kwanza kwa kijiti chenye umeme kidogo. Kama mahali hapo pana kazi ya vidole, kidole kingelegea kwa muda, na hapo pasingekatwa.

"Huwa nawaambia wagonjwa wafumbe na kufumbua mkono," Bingwa akasema. "Inatosha."

"Kwa wewe na mimi inatosha. Kwa mpiga fidla, haitoshi."

Mjomba akachangamka. "Basi nitapiga ule wimbo wangu wa siku zote!"

"Hapana, mjomba. Ule vidole vyako vinaupiga hata ukisinzia. Vitanificha kosa. Nakutungia mpya."

Akautunga. Ulikuwa wimbo mfupi, kila kidole kimepewa kazi yake. Katikati, kidole cha mwisho kilitakiwa kinyooke mbali sana kufikia nota moja iliyogombana na zote zilizotangulia. Mjomba alipoijaribu alikunja uso.

"Mpwa wangu, nota hii imechacha!"

"Ipige hivyohivyo."

"Nimekufundisha bure," mjomba akanung'unika, lakini akaipiga.

Siku ya upasuaji mjomba alilazwa ubavu, kichwa kimebanwa kisitikisike, fidla begani. Daktari Fidla alikaa karibu na mkono wake. Huyu hakuwa mgonjwa tu; alikuwa mjomba wake, na wazo lilikuwa lake. Likiharibika, angemtazamaje mama?

Wimbo ukaanza. Ilipofika ile nota chungu, muuguzi alishtuka, na Bingwa akasimamisha mkono.

"Amekosea?"

"Hajakosea. Ndivyo nilivyotunga."

"Kwa makusudi?" Bingwa akauliza, na mjomba akacheka chinichini.

Waliendelea. Bingwa aligusa, akakata, akagusa tena, na wimbo ukarudi mwanzo kila ulipokwisha. Uvimbe ukapungua kidogo kidogo. Kisha Bingwa akagusa mahali papya, na ile nota ikatoka laini, tamu kama asali.

"Afadhali!" muuguzi akanong'ona. "Sasa ameipata."

"Simama!" Daktari Fidla akapaza sauti. "Usikate hapo!"

"Mkono unacheza vizuri," Bingwa akasema. "Kompyuta ya kupima ubongo haina neno."

"Nota si yangu! Kidole cha mwisho kimeshindwa kunyooka, kikaangukia nota ya jirani. Niliiandika chungu ili ikiwa tamu nijue kidole kimelegea. Gusa tena, usikie."

Bingwa akagusa. Nota ikatoka tamu. Akaondoa kijiti, nota ikachacha. Akagusa tena: tamu. Yule mzee asiyeambilika akahamisha kisu, akaufuata uvimbe kwa upande mwingine mpaka akaumaliza.

Baada ya siku chache mama aliketi wodini akiutazama mkono wa kaka yake, asithubutu kuuliza. Mjomba akaomba fidla, akapiga ule wimbo. Ilipofika nota chungu, ikatoka chungu kwelikweli, na mama akaangua kilio cha furaha.

"Irudie, kaka! Irudie!"

"Siku ile nilidhani nimemrekebishia wimbo wake," mjomba akasema. "Kumbe kidole kilikuwa kinalala! Lakini bado siipendi."

Bingwa alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari Fidla," akaita, na kwa mara ya kwanza hakusonya. "Nina mgonjwa mwingine. Ni mwimbaji. Anahitaji wimbo."

Mama akafuta machozi, akamshika binti yake mikono yote miwili. "Mwanangu, nisamehe. Ungenisikiliza ukachagua, leo kaka yangu angekuwa kaburini, au hana mkono."

Na alisema kweli. Elimu ya ubongo peke yake isingeisikia nota ile, na muziki peke yake usingejua utamu ule umetokana na nini. Vilipokutana, mkono ukapona. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.