Kiboko Aliyehakiki kwa Pua

Hadithi, watoto!
Ije, tuilambe kama asali!

Basi hapo kale wanyama walikuwa na jarida lao la fiqhi, elimu ya sheria za dini. Kilichochapishwa humo ndicho kilichofuatwa bwawani. Mhariri alikuwa Mzee Kobe. Mhakiki, wa kupima makala ipi inafaa, alikuwa Sheikh Kiboko, peke yake. Hata za kwake alizipima mwenyewe, na zote zilifaa!

Kobe alifuta majina ya waandishi ili haki itendeke. Lakini Kiboko hakusoma. Alinusa. Fu! Fu! Ikinuka Fungo, tupa. Ikinuka Pelele, tupa. Ikinuka matope yake, chapisha.

Harufu iliyomkera kupita zote ilikuwa ya Digidigi. Kanyama kadogo, miguu kama njiti, lakini kila baraza ni “Digidigi kasema, Digidigi kafafanua.” Moyo wa Kiboko ukatokota, toko-toko-toko. “Na mimi mwenye kilemba kikubwa hivi, nani ananitaja?”

Kiangazi kikaja. Kiboko akaandika kwamba maji ni ya aliyelala ndani yake. Digidigi akaandika kwamba mwenye kiu hazuiwi maji. Wanyama wadogo wakangoja, ndimi zimekauka.

Siku ya uhakiki, Digidigi akamkuta Kobe njiani, kalemewa na karatasi.

“Shikamoo, babu. Nikupokee mzigo?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nipokee.”

Digidigi akatangulia, tiki-tiki-tiki.

Kiboko akaletewa makala mbili. Akanusa ya kwanza. Fu! Fu! Digidigi huyo! “Upuuzi! Huyu hajui hata kutawadha!” Akaandika hivyo, akagonga muhuri, pu! Akanusa ya pili. Lo, matope matamu! “Bahari ya elimu! Ichapishwe leo!” Pu!

Barazani Kobe akafunua majina. “Bahari ya elimu ni Digidigi. Asiyejua kutawadha ni… uniwie radhi, Sheikh. Ni wewe.”

“Haiwezekani!” Kiboko akanguruma. “Ile ilinuka matope yangu!”

Baraza zima likamgeukia.

“Kumbe ulinusa?” akauliza Kobe.

“Yangu ilidondoka matopeni kwako, Sheikh,” akasema Digidigi kwa adabu. “Nikaiokota, ikadondoka tena. Na yako, nilichoka njiani, nikaifanya mto wa kulalia.”

Muhuri ni muhuri. Wadogo wakashuka bwawani wakanywa, gubu, gubu, gubu. Kiboko akazama, akabakiza masikio tu nje. Kila funda lao alilisikia, na kila funda lilimchoma.

Hadithi imekunywa, imeshiba, imelala.

Na funzo, watoto wangu, ni hili: mkipewa kazi ya mwenzenu muipime, msisumbuke kuisoma. Nuseni tu. Pua ya mwenye wivu haikosei kamwe.