Maua ya Unga Mlangoni kwa Mwalimu Jayantilal

Hadithi hii nimeipata kwa mtu, naye aliipata kwa mwingine, na huko ilikoanzia sijui. Isome polepole ukiwa umetulia, halafu mpelekee mtu unayemkumbuka.

Mjini Tanga alikuwapo mwalimu wa fizikia, Mhindu, jina lake Jayantilal. Wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakukubali jibu lolote lisilopimika. Ukimwambia kuna joto, atakuuliza nyuzi ngapi. Ukimwambia umechoka, atakuuliza umebeba mzigo gani na umeupandisha wapi. Hata mkewe, Nirmala, alipenda kumtania kwamba alikuja kumposa na rula mfukoni.

Nirmala alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifagia baraza mbele ya mlango mkubwa, akachuchumaa na bakuli la unga wa mchele, akauchuruzisha kwa vidole na kuchora maua yaliyoshikana na mistari iliyozunguka ikarudi ilikotoka. Wahindu wengi huchora hivyo ili heri iingie nyumbani. Ikifika adhuhuri hakuna kitu. Watu wamekanyaga, shomoro wamedonoa, sisimizi wamebeba kilichobaki. Kesho yake anaanza upya, wala hanung'uniki.

"Mama Paresh," mwalimu alimwambia siku moja, "kazi gani hii ya kuchora kitu kifutike?"

"Sisimizi nao wale wapi, Baba Paresh?"

"Ungetumia rangi ya mafuta. Ingekaa miaka."

"Ikikaa miaka utaanza kuing'ang'ania. Mchoro unapita. Unga unabaki unga."

"Na unga ukiliwa?"

"Unakuwa sisimizi."

"Na sisimizi akifa?"

"Unakuwa udongo, unakuwa mpunga, unarudi kuwa unga. Zunguka upendavyo. Mimi namtafuta yule anayekuwa vyote hivyo na asipungue. Wazee wetu walimwita Brahman."

Hapo mwalimu akaweka kikombe chini. Alisema, "Nionyeshe huyo Brahman, nimpime."

"Hana mahali alipokaa hata nikuonyeshe. Ukinyoosha kidole ukasema ndiye huyu, umeshamkosa."

"Basi hayupo."

"Haya. Hebu niambie tena ile habari unayowafundisha kidato cha sita."

Mwalimu alipenda kuulizwa hivyo, na mkewe alijua. Akajinyoosha kitini akaeleza kwamba vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo, na kwamba chembe kama elektroni si kijiwe kama watu wanavyodhani. Elektroni ni mtikisiko tu, na kinachotikisika kinaitwa uga. Uga huo ni mmoja. Umetanda barazani, umetanda sokoni, umetanda hadi kwenye nyota, hauna mwanya hata mahali pamoja. Elektroni zote za ulimwengu ni viwimbi vya uga huohuo.

"Umeuona?" Nirmala aliuliza.

"Hauonekani. Tunaujua kwa kazi yake."

"Sawa. Sisemi uga wako ndio Brahman, maana uga wako unapimika. Nasema mtu anayekubali kwamba kitu kimoja kisichoonekana kinaweza kutikisika kikawa vitu elfu na elfu, asinicheke mimi."

Mwalimu akakiinua tena kikombe chake. Alijua ameshikwa, na ndani ya moyo wake alifurahi kushikwa na mwanamke yule, ingawa hakumwambia.

Asubuhi moja Nirmala alimaliza kuchora, akasema kifua kinambana, akaingia ndani kujilaza. Chai ilipokuwa tayari alikuwa ameshafariki.

Watu wakaanza kuja. Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda kama mtu asiyesikia, ghafla aliinuka akakimbilia mlangoni. Viatu vya waombolezaji vilikuwa vimebakiza hatua moja tu kuyakanyaga maua. Akatandaza mikono yake mlangoni akapiga kelele kwamba hakuna mtu kupita hapo. Waliona ni uchungu, wakamwachia. Jeneza la Nirmala likatolewa kwa mlango wa jikoni, na watu waliinamisha vichwa kwa aibu.

Mwili ulipokwisha kuchomwa kwa desturi ya Wahindu, majivu aliyaachia yaende na maji ya mto bila ubishi. Majivu hayakuwa na mwandiko wa mkewe. Maua ya unga ndiyo yaliyokuwa nao. Akang'oa kioo cha kabati la vitabu, akakilaza juu ya matofali, akaufunika mchoro ule. Mlango mkubwa akaufunga kwa ndani, na tangu siku hiyo nyumba ile ikawa inaingiliwa jikoni.

Mwaka ukapita hivyo. Kila alasiri mwalimu alikaa dirishani, karibu na mlango, akiutazama mchoro. Jua lilipogeuka na kugonga kioo, mistari myeupe ilionekana kuinuka na kuelea. Mwalimu alisinzia bila kulala. Aliwahi kufundisha kwamba ndani ya chembe mna uwazi mkubwa, na kwamba ugumu wa ukuta ni nguvu tu inayosukumana na nguvu nyingine. Alasiri zile hakuwa akilikumbuka somo hilo, alikuwa akiliona. Ukuta ulilegea. Kiti kilikuwa wingu lililotulia, na yeye aliyekaa juu yake alikuwa wingu jingine, na katikati yao hapakuwa na mpaka. Na humo ndani ya ulegevu ule alimhisi Nirmala, karibu kabisa, akiwa karibu kucheka.

"Uko wapi?" alikuwa akiuliza.

Akiuliza tu, ukuta unarudi kuwa ukuta. Anabaki na unga chini ya kioo, na machozi.

Mwanawe Paresh alivumilia. Lakini Paresh alikuwa na mchumba, Urvi, binti wa Morogoro, na ule mwaka wa msiba ulipokwisha wazee walipanga harusi. Sasa, kwa desturi yao, bibi harusi huingia kwa mumewe kwa mlango mkubwa. Kizingitini huwekewa chungu kidogo kilichojaa mchele. Hukigusa kwa mguu wa kulia, mchele ukamwagika kuelekea ndani, naye akaufuata. Hapo ndipo anapokuwa mwenye nyumba. Kumpitisha jikoni ni kumwambia kwamba hatakiwi.

"Atapita jikoni," mwalimu alisema. "Jikoni nako ni nyumbani."

"Baba, mke wangu hawezi kuingia kwa kujificha kama mwizi."

"Na mama yako je? Nimwache akanyagwe?"

Paresh alifungua mdomo kutaka kusema jambo, akaufunga. Alipopata sauti alisema, "Tutakuja hadi mlangoni. Ukiufungua, tutaingia. Usipoufungua nitampeleka Urvi kwao, tutaishi hukohuko, na hapa sitarudi. Nakupenda, Baba, lakini sitarudi."

Siku ya harusi ikafika. Mwalimu hakwenda ukumbini. Alivaa suti yake, akafungua mlango mkubwa, akaweka kiti barazani mbele ya kioo, akakaa kuziba njia. Alijua anampoteza mwanawe, na alijua hawezi kusogeza kioo kile. Yote mawili aliyajua kwa pamoja na yote yalimuuma.

Magari yakaja yakipiga honi. Paresh na Urvi wakashuka, nyuma yao shangazi ameshika chungu cha mchele. Walipomwona mzee kwenye kiti, matarumbeta yakanyamaza.

Akatoka mtu katikati ya wageni. Alikuwa Bi Saumu, jirani wa ukuta mmoja, Mwislamu, mpakaji hina maarufu ambaye maharusi wa Tanga humfuata hata kutoka Pangani. Alikuwa shoga mkubwa wa Nirmala. Asubuhi nyingi walichuchumaa pamoja barazani hapo, mmoja na unga, mwingine na maneno.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, Bi Saumu. Usisogee hapo, tafadhali."

"Mwalimu, nina neno. Ukitaka kunipiga, nipige, lakini nisikilize kwanza. Mchoro huo si wa Nirmala."

Mwalimu akamtazama kama hakumwelewa.

"Wa Nirmala uliliwa na sisimizi wiki ileile," Bi Saumu akaendelea. "Nilikuta nusu imekwenda. Nikasema, mzee huyu akiona hivi tutampoteza na yeye. Ulipokwenda kufuata maziwa mimi na Paresh tukainua kioo, nikauchora upya. Na wiki iliyofuata tena. Na tena. Mwaka mzima, Mwalimu. Usimlaumu mtoto, mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

"Uongo," mwalimu akasema. Akainama, akaonyesha ua moja pembeni. "Tazama jani hili la ua lilivyopinda. Huyu ni Nirmala. Nimelitazama kila siku. Hakuna mwingine anayepinda hivi."

"Hilo nilikosea," Bi Saumu akajibu kwa upole. "Mgongo uliniuma nikaharakisha. Nikaona nikilinyoosha utashtuka, nikawa nalirudia lilivyo."



"Jamani, Mwalimu," akaongeza, nusu analia, nusu anacheka, "mtu mzima wa sayansi! Unga wa mchele ukae mwaka mzima kwenye joto hili la Tanga, usiote ukungu, usiguswe na mdudu? Hukujiuliza?"

"Sikutaka kujiuliza," mwalimu akasema.

Hasira ikampanda, lakini haikudumu. Alikuwa ameyalilia maua ya Bi Saumu mwaka mzima. Alikuwa ameliapia kosa la mgongo wa Bi Saumu kwamba ni mkewe. Aibu ilimwaka usoni. Lakini nyuma ya aibu alikuta jambo jingine, nalo lilimfanya ashike mkono wa kiti. Zile alasiri hazikuwa za uongo. Nirmala alikuwapo. Hilo alilijua kama alivyojua jina lake.

"Kama unga haukuwa wake," akasema taratibu, "na mkono haukuwa wake, mimi nilikuwa nakaa na nani hapa?"

"Hilo usiniulize mimi. Mwalimu ni wewe."

Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mwalimu akafikiri kama mwalimu. Unga ulibadilishwa kila wiki asijue. Na mwili wa Nirmala je? Chakula kiliingia, pumzi ikatoka. Alipomposa alikuwa binti mwenye nywele nyeusi, alipofariki alikuwa bibi mwenye mvi, na karibu chembe zote zilikuwa zimeshapita na kwenda kwingine. Maisha yake yote alikuwa amempenda mtu aliyekuwa akichorwa upya. Chembe zenyewe nazo, kama alivyowaambia vijana wengi ubaoni, zilikuwa mitikisiko tu ya kitu kilichotanda kila mahali. Ondoa mchoro. Ondoa unga. Ondoa mkono. Ondoa hata chembe. Alivyoondoa, ndivyo kile kilichobaki kilivyozidi kumkaribia, mpaka akashindwa kukitenga na yeye anayeondoa.

Hakukiita jina. Hakunyoosha kidole. Machozi yalimtoka, lakini safari hii hayakuwa na uchungu.

Akainuka, akashika upande mmoja wa kioo. Bi Saumu akashika wa pili. Wakakiegemeza ukutani, wakatoa matofali. Mwalimu akakisogeza kiti.

"Shangazi, weka chungu."

Urvi alisogea akasita, mguu wake wa kulia umeinuka juu ya maua.

"Baba, nitayaharibu."

"Kanyaga, mwanangu. Nilidhani namlinda mama yenu, kumbe nilimzuilia njia. Karibu nyumbani kwako."

Urvi akakanyaga. Akafika kizingitini akagusa chungu, mchele ukamwagika, matarumbeta yakalia kwa nguvu mpaka shomoro wakaruka kutoka paani, kisha wakashuka kufuata mchele. Paresh akamkumbatia baba yake, na wakakaa hivyo muda mrefu huku wageni wakiwapita pembeni wakikanyaga unga na kuuingiza ndani kwa nyayo zao, sebuleni, vyumbani, hadi jikoni.

Kesho yake asubuhi mwalimu alitoka barazani. Pale palipokuwa na maua palikuwa sakafu tupu. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja na punje yake. Ndani alisikia Urvi akiuliza sukari iko wapi, na Bi Saumu, ambaye hakuhitaji kualikwa, akimjibu. Mwalimu akavuta pumzi. Mwaka mzima alikuwa ameuliza Nirmala yuko wapi. Asubuhi ile alitafuta mahali ambapo Nirmala hakuwapo, akapakosa.

Funzo: Umbo la tunachokipenda hubadilika kila siku hata tukilifunika kwa kioo, lakini uhai uliolichora ni mmoja katika vyote na haupungui, basi usiwafungie mlango walio hai kwa ajili ya kumlinda aliyekwenda.