Mwalimu Fisi Afumba Mdomo Siku Tano

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa shule, shule ikawa na kengele, na aliyeipiga akawa na njaa. Wa kusikiliza?

— Tupo!

Wa kutafuna?

— Tunatema!

Temeni vizuri. Wewe wa nyuma, hata hiyo ya shavuni. Ngano hii ina mtu aliyeponzwa na shavu.

Basi, hapo kale, palikuwa na shule ya bweni ya wanyama katika Bonde la Mavumbi. Shule nzuri. Ina madawati, ina choo, ina chumba cha ushauri nasaha. Chumba hicho kilifunguliwa kwa amri ya Serikali ya Mbuga, baada ya kugundulika kwamba watoto wa wanyama nao wana mioyo, na kwamba moyo ukijaa sana mtoto hata hesabu haziingii. Serikali ikaleta kiti kimoja, mkeka mmoja, na kila muhula gunia la karanga za kukaanga, ili mtoto apate cha kushika mkononi wakati anaeleza.

Mshauri akateuliwa Mwalimu Fisi. Yeye ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa nidhamu, maana walimu walikuwa pungufu, na fimbo tayari alikuwa nayo. Gunia likawekwa nyuma ya kiti chake. Mlangoni zikabandikwa kanuni za chumba. Mwalimu Fisi akatundika koti lake juu ya kanuni.

Sasa, darasa la tatu, dawati la mwisho, walikaa Pimbi na Digidigi. Pimbi mnamjua: yule mdogo wa majabalini, hana mkia, hana pembe, ana maneno. Digidigi naye alikuwa na maneno, mpaka likizo iliyopita, moto wa mbuga ulipopita kwao ukaondoka na mama yake. Shule ilipofunguliwa Digidigi alirudi, maneno hayakurudi. Uji wa saa nne aliutazama mpaka ukafanya utando juu, kisha akamsogezea Pimbi. Siku ya kwanza Pimbi aliunywa. Siku ya pili aliunywa. Siku ya tatu ukamkwama kooni.

Jumatatu asubuhi akamshika mwenzake mkono, akampeleka chumba cha ushauri. Hodi, hodi!

Kacha, kacha, kacha! Mwalimu Fisi alikuwa kazini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kacha, kacha. Shida?"

"Mwenzangu hasemi, mwalimu."

"Hasemi? Hiyo ni adabu. Kacha, kacha. Nyingine?"

"Hali chakula, mwalimu."

"Hali? Amelisaidia jiko. Kacha, kacha. Nyingine?"

"Analia, mwalimu. Bila sauti."

"Analia bila sababu? Kachume fimbo hapo nje, nimpatie sababu."

Akavuta daftari, akaandika huku anatafuna: *Digidigi. Hafundishiki. Ijumaa, kengele ya jioni, arudi kwao.*

"Mwalimu, kwao kumeungua."

"Basi hatahangaika kutafuta ufunguo. Mwingine!"

Hakukuwa na mwingine. Hajawahi kuwapo mwingine. Mti wa fimbo ulikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni.

Pimbi alipotoka akapita chini ya koti. Ufupi una faida zake: mrefu angeona koti, Pimbi aliona kanuni. Akasoma. *Kanuni ya kwanza: mwanafunzi anapoeleza, mshauri hatafuni, hakatizi, hapigi. Akikutwa, ananyang'anywa kiti pamoja na gunia. Kanuni ya pili: karanga ni za mwanafunzi. Kanuni ya tatu: hafukuzwi mtoto kabla hajasikilizwa hadi mwisho.*

Akasoma tena. Akakuna kichwa, kru, kru, kru. Mshauri hatafuni mwanafunzi anapoeleza. Na asipokuwapo wa kueleza? Atatafuna mpaka gunia liishe.

Mchana huohuo akaingia Mkaguzi Twiga. Mkaguzi huyu haingii ndani ya chumba. Husimama uani, akapitisha kichwa dirisha lolote, saa yoyote, bila kukohoa. Wanafunzi wakapanga mstari, walimu wakafunga vifungo.

"Chumba cha ushauri," akasema Twiga toka huko juu, "kimepata watoto wangapi?"

"Sifuri, Bwana Mkaguzi!" Fisi akajipiga kifua, pu! Karanga mbili zikamdondoka mfukoni. "Shule hii haina mtoto mwenye shida."

Pimbi akanyoosha mkono. "Samahani, Bwana Mkaguzi. Mimi ninayo."

"Ya namna gani?"

"Ndefu."

Twiga akaandika. Fisi akameza mate.

Shule ile ilikuwa na bomba moja la maji, na kila mtoto aliijua sheria ya foleni ya ndoo: ndoo ya mbele haiondoki mpaka ya nyuma iwe imeshaligusa bomba, tone lisianguke chini. Pimbi akawakusanya wenzake nyuma ya jiko.

"Jamani, tunapanga foleni ya ndoo. Ndoo ni nyinyi, bomba ni Mwalimu Fisi. Wa mbele hanyanyuki mkekani mpaka wa nyuma awe ameshasema shikamoo. Na ukitoka, chota konzi yako ya karanga."

"Na mimi nisiye na shida?" akauliza Ngiri.

"Umewahi kuulizwa?"

Ngiri akafikiri. Kidevu kikaanza kumtetemeka.

"Umeona? Simama hapo, nyuma ya Kanga."

Kweli, Pimbi akaingia wa kwanza. Akaeleza tangu kengele ya mchana hadi jua kuzama. Alieleza habari za mkia: kwamba kila mtoto anao, yeye hana, na kwamba kwenye mchezo wa kushikana mikia hupewa kazi ya kushika mashati. Fisi akalitazama gunia. Gunia likamtazama Fisi. Twiga akawatazama wote wawili toka dirishani. Fisi akafumba mdomo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Kanga, na Pimbi akatoka na konzi yake.

Kanga akaeleza kwamba kwao wako kumi na tisa, na baba huwahesabu kila jioni, akifika kumi na nane anasema wametimia. Fisi akalitazama gunia. Gunia likamtazama Fisi. Fisi akafumba mdomo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Ngiri, na Kanga akatoka na konzi yake.

Jumanne mchana akaingia Kobe. Hadi Jumatano alasiri alikuwa ameshafika siku aliyozaliwa. Usiku hakupumzika, maana anasema akikatiza husahau. Twiga naye hulala wima, kichwa kimo humo dirishani, jicho moja wazi. Fisi akalitazama gunia. Gunia likamtazama Fisi. Tumbo likasema, nguruuum!

"Pole, mwalimu," akasema Kobe. "Basi, yai lilipopasuka..."

Kila aliyetoka alitoka mwepesi. Ngiri alitoka akipiga mluzi. Kanga alitoka, akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Lakini Pimbi, pale mlangoni akisimamia foleni, jicho lake halikutoka mkiani mwa mstari. Mkiani alisimama Digidigi. Jumanne mkiani. Jumatano mkiani. Zamu ikimfikia, anawapisha wa nyuma. Pimbi hakumsukuma. Ndoo ukiisukuma, inamwagika.

Ijumaa, foleni ikaisha. Akabaki mmoja.

Digidigi akaingia. Akakaa mkekani. Akatazama chini.

Kimya, jii.

Jua likapanda. Kimya. Jua likashuka. Kimya. Kengele ya jioni ilikuwa imebaki mwendo wa kuchota ndoo mbili. Fisi akaanza kupeleka mkono nyuma, polepole, kuelekea gunia.

"Mwalimu," akasema Twiga, "mtoto anaeleza."

"Hasemi kitu, Bwana Mkaguzi!"

"Ndivyo anavyoanza. Usimkatize."

Mkono ukarudi.

Ndipo tumbo la Mwalimu Fisi, lililokaa siku tano bila hata ganda, likapiga kelele kama pipa linalobiringishwa mawemaweni: NGURUUUM, ngu, ngu, nguruuum!

Digidigi akainua macho. "Mwalimu," akasema, na sauti ilikuwa imepata kutu, "una njaa?"

Fisi hakuruhusiwa kujibu. Akatikisa kichwa juu chini. Chozi likamdondoka, to.

"Mimi sina," akasema Digidigi. "Mama alikuwa hali mpaka nile mimi kwanza. Sasa nikishika bakuli, naona kama bado ananisubiri."

Akaendelea. Akaeleza moto, akaeleza moshi, akaeleza njia aliyokimbilia yeye na njia aliyokimbilia mama. Kengele ya jioni ikalia, ngaa, ngaa! Hakuna aliyenyanyuka. Kanuni ya tatu inasema hadi mwisho, na mwisho ulikuwa bado.

Alipomaliza akaingiza mkono guniani, hadi chini kabisa, akatoa konzi ya mwisho. Akatia karanga moja mdomoni.

Kacha.

Pimbi akaisikia toka mlangoni. Akageuka, akatazama ukuta kwa muda, kana kwamba ukuta una la maana.

Digidigi alipotoka tu, Mwalimu Fisi akaruka. Chubwi! Kichwa ndani ya gunia, mpaka mabega. Akanusa huku, akanusa kule. Vumbi.

"Mwalimu," akauliza Twiga, "karanga zote zimekwenda kwa watoto?"

"Zote!" gunia likalia. "Zote, zote, zote!"

"Na mtoto huyu unamlilia?"

"Naliaaa!"

Twiga akaandika: *Mshauri ana huruma isiyo ya kawaida.* Akafuta jina la Digidigi kwenye daftari la Fisi. Kwenye mstari akampa Mwalimu Fisi cheti, makofi matatu ya kilo, na kazi ya kudumu: kusikiliza kila siku, asubuhi hadi jioni. "Nami nitapita dirishani bila taarifa," akasema, akaenda zake.

Hata leo, mkono wa Fisi ukielekea guniani, tawi hutikisika dirishani, cha, cha, cha, naye hufumba mdomo haraka. Anayelitikisa ni mfupi, hana mkia. Na kwa kukaa kitako miaka yote hiyo kwenye kiti kidogo, mgongo wa Fisi uliinama nyuma, haukunyooka tena.

Na fundisho, walimu wangu na wazazi wangu, ni hili: usimsikilize mtoto. Ukimsikiliza mmoja watakuja wote, nawe utakonda. Mtoto akinyamaza, msifuni kwa adabu. Akilia, mti wa fimbo upo. Na karanga za serikali zikija, zileni haraka kabla hajatokea mwenye shida.

Ngano imekwisha, na mimi nimebaki mtupu kama gunia. Aliyetema, sasa atafune.

Ila atazame dirishani kwanza.