Kidole Gumba cha Mwinyikombo

Tochi za Mwinyikombo zilikuwa bora sana, ila springi zake hazikugusa betri. Siwatu, mchimba visima, aliirudisha yake dukani. Mwinyikombo akaikandamiza kitako kwa kidole gumba, ikawaka.

"Nzima hii," akawatangazia wateja. "Haina tofauti na ile ya chuma pale mezani, ninayotumia mwenyewe."

"Kumbe kosa ni langu," alisema Siwatu. "Hebu iinue juu, Bwana, na wenzangu waione."

Akaiinua, jasho likimtoka. Wateja wakasogea, kila mmoja akitaka yake.

Siwatu akaichukua ile ya chuma. "Maadamu hazina tofauti, mimi naondoka na hii."

"Iache hiyo," alinong'ona Mwinyikombo.

"Toa kidole kwanza, ndipo tuzungumze."

Mwinyikombo aliwatazama wateja, akazidi kukandamiza.