Nyumba ya Mlango Mmoja

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, wanyama walikuwa na kaya zao, na kila mmoja alijua kubisha hodi mlangoni kwa mwenzake. Isipokuwa mmoja. Huyo mmoja tutamfikia. Kaeni vizuri, na wewe unayetafuna, tafuna polepole.

Palikuwa na sungura jike wa kufugwa, mweupe pe, akiitwa Bi Pamba. Aliishi uani kwa watu, katika banda la mbao lenye miguu minne. Paa lake bati, sakafu yake waya wa matundu, mlango mmoja wenye komeo. Asubuhi aliletewa sukuma wiki, jioni karoti.

Najua mnasema, ah, raha hiyo! Ngojeni kwanza. Mimba yake ya kwanza Bi Pamba aliizalia juu ya waya ule. Baridi ikapanda kutoka chini, ikapenya matunduni, na watoto wake, ambao hawakuwa hata na manyoya, hawakuiona asubuhi. Hakuna aliyewalilia ila mama yao.

Sasa alikuwa na mimba ya pili. Kila siku kucha zake zilikwaruza waya, kwaru, kwaru, kwaru, wala mwenyewe hakujua zinatafuta nini. Siku moja komeo likasahauliwa. Bi Pamba akasukuma mlango, akaruka, pu! Miguu ikagusa udongo. Hapo ndipo alipojua.

Akakimbilia porini, akachimba kwenye kichuguu cha zamani kwa siku tatu. Kisha akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani, kidogo kidogo, ili kuwatandikia watoto watakaokuja. Ndivyo wafanyavyo mama sungura. Inauma, lakini hufanya.

Jirani yake alikuwa Kitungule, sungura wa porini, mwenye masikio marefu na maneno marefu kuliko masikio. Huyu hachimbi hata kidogo. Hulala wazi, katika kijibonde cha nyasi alichokibonyeza kwa tumbo lake mwenyewe.

"Hodi, dada!"

"Karibu, kaka. Pita uone nyumba."

Kitungule akachungulia. "Nzuri. Ina joto. Na mlango wa nyuma uko wapi?"

"Wa nyuma wa nini?"

"Wa kutokea."

"Si natokea hapohapo ninapoingilia?" Bi Pamba akacheka. "Banda letu lilikuwa na mlango mmoja, na nimekaa miaka miwili."

"Banda lenu lilikuwa na mbwa mlangoni, dada. Huku mbwa hakuna. Muulize Nungunungu, muulize Ngiri, wote wanaokaa mashimoni wana pa kutokea."

"Na wewe mwenye nyumba ya nyasi unanifundisha ujenzi?"

"Basi, yaishe," Kitungule akasema, akaenda zake. Mwenye nyumba mpya haambiwi kitu, hata ninyi mnajua.

Alasiri ya siku ya pili yake wingu likatanda. Bi Pamba alikuwa ndani akitandika manyoya aliposikia kishindo juu ya kichwa chake. Du! Du! Du! Kisha pua kubwa ikaziba mlango, fuu, fuu, na giza likajaa nyumba nzima.

Alikuwa ni Fisi, Bwana Kingugwa mwenyewe, yule asiyejua kubisha hodi.

"Aha!" akasema. "Nyama nyeupe, tena yenye mimba. Leo nakula vichwa vingi kwa mkupuo mmoja!" Akaanza kuchimba. Paru! Paru! Udongo ukaruka. Bi Pamba akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagota ukutani. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Kitungule alikuwa amejilaza nyasini akiyaona yote. Angeweza kunyamaza. Miguu anayo, na shimo si lake. Lakini mwili ulimkataa. Akasimama, akajikung'uta, akajongea mpaka pale ambapo Fisi akiruka hamfikii.

"Shikamoo, Bwana Kingugwa!"

"Marahaba. Sina nafasi na wewe. Nilishakukimbiza mara moja, mbavu zinaniuma hadi leo."

"Sikuja kukimbizwa. Nilikuwa napita tu kwenda arusini kwa binti wa Nyumbu. Kumbe wewe huendi?"

Makucha ya Fisi yakasimama. "Sijaalikwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Aa! Kwa nini?"

"Wanasema sina adabu. Wanasema naingia kwa watu bila hodi na nakula kabla ya kukaribishwa." Akameza mate. Watoto, hata Fisi ana kidonda chake, na mimi wakati mwingine namhurumia.

"Na sasa hivi unafanya nini, Bwana Kingugwa?"

Fisi akaangalia makucha yake, yamejaa udongo. "Nachimba."

"Unavunja nyumba ya watu! Nikifika arusini nikiulizwa nimeona nini njiani, nitasema nini? Ukila kwa kuvunja, huo ni wizi. Lakini ukibisha hodi, ukasalimia, mwenye nyumba akakuambia karibu, ukaingia ukala, hiyo si karamu? Na shahidi ni mimi."

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda, hakukuzoea. "Na akikataa kunikaribisha?"

"Huyu? Huyu kalelewa uani kwa watu. Hawezi kumnyima mgeni karibu." Kitungule akapaza sauti mpaka kichuguu kikavuma. "Sikia, dada wa ndani! Unapata mgeni! Fagia nyumba! Usifagie mlangoni, mlangoni pana mgeni. Fagia kule nyuma, dada, fagia sana!"

Ndani, Bi Pamba alikuwa amejibana ukutani. Akasikia neno "nyuma." Akageuka, akaanza kuuchimba ukuta kwa kucha zake.

"Haya, Bwana Kingugwa. Hodi tatu, za taratibu, na katikati unatulia. Mstaarabu hana haraka."

"Hodi!" Fisi akanguruma.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Anafanya nini?"

"Anakufagilia."

Fisi akatabasamu. Hajawahi kufagiliwa maisha yake yote. "Hodi!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Hodiii!"

"Nani mwenzangu?" ikajibu sauti ndogo kutoka ndani.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Kingugwa!"

"Wa ukoo gani?"

"Wa... wa mapangoni kule!"

"Vizuri," Kitungule akasema. "Sasa msalimie."

"Habari za hapa?"

"Njema." Kwaru, kwaru.

"Habari za... za mvua?"

"Inakuja." Kwaru. Kisha, ka! Kucha zikagonga jiwe.

Kimya.

Bi Pamba alijaribu juu, jiwe. Akajaribu kushoto, jiwe. Kucha zake zilikuwa zimelika kwa waya wa miaka miwili, na sasa damu ilichuruzika. Akaulaza uso wake juu ya yale manyoya ya kifuani mwake. Alichoka kabisa, wanangu.

Nje, Kitungule akausikia ule ukimya, akajua dada amekwama.

"Nimemaliza?" Fisi akauliza, mate yakimdondoka. "Niingie?"

"Uingie wapi! Umeuliza hali ya mvua, hujauliza hali ya watoto! Mgeni gani huyo? Ndiyo maana hualikwi!"

"Samahani, samahani!" Fisi akainamisha kichwa mlangoni. "Bibi, habari za watoto?"

Swali likashuka shimoni. Nalo lilitoka kwa yule aliyekuja kuwala. Bi Pamba aliinua uso. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza habari za watoto wake. Wale wa kwanza waliondoka, na hakuna aliyeuliza.

"Wa kwanza walikufa," akajibu polepole. "Hawa wengine bado hawajafika. Lakini watafika."

Akaacha jiwe, akachimba chini yake. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo wa chini ulikuwa laini.

"Mbona anafagia tena?" Fisi akauliza.

"Umemgusa moyo. Anakutafutia pa kukaa."

Fisi akapangusa jicho. Nasema kweli, alipangusa.

Mara upepo wa mvua ukampiga Bi Pamba puani kutoka upande wa pili wa kichuguu. Akatoa kichwa, akatoa mabega, akapenyeza tumbo lake taratibu. Kisha akageuka, akaita ndani ya shimo kwa sauti yote aliyobakiwa nayo:

"Karibu ndani, Bwana Kingugwa!"

Fisi hakungoja mara mbili. Akajitosa, kichwa, shingo, mabega, kwa! Akakwama. Akafumbua kinywa, akauma alichokikuta.

"Pfuu! Pfu! Nini hiki? Manyoya matupu!"

"Mgeni mstaarabu hula alichoandaliwa!" Kitungule akamwambia, akatimua mbio. Fisi alihangaika mpaka mvua ilipolainisha udongo, akajitoa, akiwa na manyoya meupe puani. Hakwenda arusini.

Kitungule akampeleka Bi Pamba kwenye kijibonde chake. "Lala hapa, dada."

Bi Pamba akakitazama. Mvua ilikuwa ikinyesha moja kwa moja mgongoni. "Kaka, paa liko wapi?"

"Sina. Nikisikia kitu, nanyamaza. Kikikaribia, nakimbia."

"Watoto wangu watazaliwa vipofu na uchi. Hawawezi kukimbia."

"Wa kwetu huzaliwa macho wazi na manyoya tele," Kitungule akasema, na mara hii hakutania. "Kumbe ndiyo maana unachimba."

"Ndiyo maana."

Wakakaa hapo, wameloana wote wawili. Mvua ilipokatika Bi Pamba akavuka kijito, akachagua udongo laini, akaanza kuchimba kwa kucha zake zilizoumia. Akatoboa mlango wa nyuma kwanza, ndipo akatoboa wa mbele. Kifuani manyoya yalikuwa machache, akanyofoa yaliyobaki. Siku ya nne wakazaliwa watano, na asubuhi aliwagusa mmoja mmoja kwa pua. Wote watano walikuwa na joto.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, anayetaka aichukue, asiyetaka aniachie: nyumba yenye mlango mmoja ni mtego, hata kama umeichimba kwa kucha zako mwenyewe.