Mzee Hamiminiwi

"Mzee hamiminiwi, hudondoshewa." Mmeisikia leo wodini, mkacheka, mkadhani ni utani wetu sisi wauguzi wa zamani. Basi sogezeni viti, wajukuu zangu. Methali hii ina mwenyewe, na mwanzo wake niliuona kwa macho yangu. Ilianza hivi.

Hapa kwetu milimani Usambara palikuwa na mpasua mbao, jina lake Mzee Shekalaghe. Alikuwa ameshapita miaka sabini, lakini msumeno wa watu wawili bado aliuvuta, na vijana wake ndio waliokuwa wakiomba kupumzika. Ukimwambia, "Babu, kaa nikusaidie," alinuna kutwa nzima.

Siku moja gogo la mkaratusi liliporomoka mteremkoni, likamvuta kwa kamba aliyokuwa ameizungusha mkononi. Bega likachomoka. Wanawe, Mbelwa na Singano, wakamleta kwa machela hospitali nilikokuwa nikifanya kazi. Daktari wetu alikuwa Kaniki, kijana hodari, mwenye mikono myepesi.

Bega likichomoka, misuli hukaza kwa maumivu, nalo halirudi kwa urahisi. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa usingizi kidogo kwa dawa ya mshipani. Asubuhi ile ile tulikuwa tumemrudishia bega mpakia mizigo mmoja wa sokoni, kijana mbichi. Alipigwa bomba zima la sindano, akalala, akaamka, akaenda zake. Mzee Shekalaghe, akingoja zamu yake kwenye machela, aliyaona yote.

Daktari Kaniki akavuta dawa ile ile. Akamsukumia mzee robo tu, akangoja.

"Daktari," mzee akasema, jasho likimtiririka, "yule kijana umempa bomba zima. Mimi unaninyunyizia kama mche wa kitalu?"

"Subiri, mzee wangu. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi wapi? Nakuona mpaka kope zako!"

Mbelwa, aliyekuwa mlangoni, akashindwa kuvumilia. "Daktari, baba anaumia. Mwongezee, tafadhali."

Daktari akautazama uso wa mzee ulivyokunjamana. Huruma ikamshinda. Akasukuma dawa yote iliyobaki.

Loo! Mzee alikuwa katikati ya neno, na neno likakatika. Kidevu kikaanguka kifuani. Nikaweka kiganja changu juu ya kifua chake: hakipandi, hakishuki. Midomo ikaanza kupiga weusi.

"Hapumui!" nikapaza sauti.

Daktari akamwinua kidevu. Nikamfunika pua na mdomo kwa kinyago cha kupumulia, nikaanza kubana mfuko wa hewa. Kifua kikapanda, lakini kwa hewa yangu, si kwa pumzi yake. "Baba! Baba!" Mbelwa alilia huku amepiga magoti sakafuni, na ndugu yake akimshika mabega. Nikabana, nikabana, hata vidole vikafa ganzi. Daktari akanipokea, akabana yeye. Tukapokezana tena.

Mara mzee akakohoa! Akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, kisha nyingine.

"Amerudi!" nikapiga kelele kama mtoto. Kifua kilipotulia kikipumua chenyewe, Daktari Kaniki akaushika ule mkono uliolegea, akauvuta polepole. Ko! Bega likaingia.

Mzee alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmeshaanza?"

Wanawe wakacheka huku wakilia. Daktari hakuficha kitu. Akakaa kando yake, akasema, "Mzee wangu, nusura nikuue. Ile dawa ya kwanza ilikuwa bado njiani. Kwa mtu wa umri wako damu huizungusha taratibu, inachelewa kufika kichwani. Na ikifika, kidogo hutosha, tena haitoki upesi. Sikuingoja. Nikakumiminia nyingine juu yake."

Mzee akalitazama bega lake. "Kumbe mwili wangu umezeeka bila kuniambia," akasema.

Masika yalipopita, bega likachomoka tena. Singano alitaka wampeleke kwingine, lakini mzee akakataa katakata: "Nipelekeni kwa yule yule. Ameshanifahamu."

Akalala mezani. Daktari akasukuma kidogo, akaondoa kidole kwenye bomba, akangoja. Nami nakitazama kifua. Mzee yu macho, meno ameyauma kwa maumivu. Pale mlangoni Mbelwa akafungua mdomo.

Mzee akamwahi. "Funga mdomo, Mbelwa! Mzee hamiminiwi, hudondoshewa. Mwache daktari adondoshe."

Daktari akaongeza kidogo tena. Akangoja tena. Taratibu kope za mzee zikashuka, na kifua chake, jamani, kikaendelea kupanda na kushuka kwa pumzi yake mwenyewe! Bega likaingia bila hata mguno. Nilipolitazama bomba, zaidi ya nusu ya dawa ilikuwa imebaki humo. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia nisije nikamwamsha.

Maneno yake yalitoka nasi chumbani siku ile, yakaingia wodini, yakashuka hadi sokoni.

Basi kesho mtasimama kando ya kitanda cha mzee, naye anafoka kuwa dawa haimwingii, na watoto wake wanawahimiza muongeze. Msidanganywe na nguvu ya sauti yake. Mpeni kidogo, ngojeni, tazameni kifua. Mzee hamiminiwi, hudondoshewa.