Boti ya Alumini na Wachaguzi Watatu

Hapo zamani, si ile ya fisi kuongea na watu, ni zamani ya juzi tu, miti ya mbao ilipokwisha visiwani na mitumbwi ikawa inaoza haraka kuliko inavyochongwa, alikuwapo mjane mmoja akiitwa Nyabweke. Mwenye kikohozi akohoe sasa, hadithi hii hairudiwi.

Nyabweke aliuza mbuzi wake wote kumi na mmoja ili apate boti ya alumini. Ziwa lao si la kuchezea: asubuhi limelala kama mtu mwema, mchana linakutemea mawimbi usoni. Akaenda kwa fundi mjini na watu watatu, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Angekwenda peke yake.

Wa kwanza ni mwanawe, Tungaraza. Alipiga magoti akapapasa boti kwa chini. "Mama, tazama tumbo. Tumbo bapa linachapwa makofi na kila wimbi. Chukua lililochongoka, lipasue maji."

Wa pili ni bintiye, Nyafuru, aliyemwacha mume akarudi kwao na godoro lake kichwani. Yeye aliwapandisha wote kwenye boti hapo hapo nchi kavu, pamoja na wapita njia wawili, akapima ukuta ulipowafikia. "Huu unaishia nyongani. Mtoto akiinama kutapika, kaenda. Mama, chukua kuta ndefu."

Fundi akacheka. "Dada, boti haipimwi kama kitanda."

"Ningepima kitanda hivi," Nyafuru akamjibu, "nisingeolewa na yule."

Wa tatu ni Bituro, mdogo wa marehemu mume wa Nyabweke, mzee asiye na mke wala haraka. "Shemeji, hawa wanachagua boti ya siku ya kuelea. Mimi nachagua ya siku ya kuzama. Acha mashine kubwa, chukua ndogo. Hela inayobaki, jaza chini ya viti yale maboya meupe mepesi yanayofungiwa friji mpya isivunjike."

"Baba mdogo anataka tusafiri ndani ya friji!" Tungaraza akasema.

Wakabishana mpaka fundi akala chakula cha mchana, akanawa, akarudi, bado wanabishana. Nyabweke kichwa kikamzunguka. Kila mmoja akifungua mdomo, alimwona ana haki; akiufunga, haki ikahamia kwa mwingine. Akapiga kelele mbele ya watu:

"Nyamazeni! Fundi, tia yote matatu kwenye boti moja. Na siku ziwa likichafuka, ambaye chaguo lake litatufikisha nyumbani, boti ni yake. Wawili waliobaki watakuwa vibarua wake!"

Hilo lilikuwa kosa la pili.

Siku ikafika. Walikuwa wanatoka msibani ng'ambo, wao wanne na wajukuu wawili, saa nane mchana, na ziwa likageuka. Wimbi la kwanza likaja, tumbo likalipasua. La pili, likalipasua. La kumi, likalipasua. Lakini tumbo lililochongoka halitulii. Boti ikayumba kushoto, ikayumba kulia, Nyabweke akatapika wali wote wa msiba. Wajukuu wakabiringika, wakagonga ukuta, ukuta ukawarudisha ndani. Lakini ukuta mrefu upepo unaupenda. Ukaushika, ukaigeuza boti ubavu, na wimbi likaingia. Mashine ndogo ikakohoa mara mbili, ikazima. Maji yakafika kwenye viti, na Nyabweke akaanza kusali hata sala asizozijua.

Boti haikuzama. Maboya ya friji yakaishikilia. Wakakaa majini kama dagaa kwenye sufuria, na upepo ule ule, ukisukuma kuta zile zile, ukawaburuta mpaka ufukweni kwao. Sita walitoka, sita walirudi.

Hawajakamua hata nguo, Tungaraza akaanza: "Mama, boti ni yangu. Lingekuwa tumbo bapa tungevunjika kwenye wimbi la tatu, hayo maboya yangefika peke yake."

"Tumbo lako ndilo lililowarusha watoto!" Nyafuru akasema. "Nani kawarudisha ndani? Ukuta wangu. Nani katuleta huku? Ukuta wangu. Mama alisema kufikisha, hakusema kupasua."

"Ukuta wako ndio ulioita upepo, mwanangu," Bituro akasema, akikamua kofia. "Tumefika kwa sababu hatukuzama."

"Na hiyo mashine yako ya kusagia karanga?" wakamrukia wote wawili. "Kubwa ingetufikisha kabla ya upepo!"

"Kubwa ingezama na ukubwa wake."

Nyabweke akawatazama. Tungaraza, mkewe ana mimba ya miezi minane. Nyafuru, hana mume wala shamba. Bituro, miaka arobaini anavua kwa ajili ya mji huu na hakuna hata ndoo yenye jina lake.

"Na mimi niliyeuza mbuzi?" akauliza.

Wakarudi kubishana juu ya mashine.

Kesho yake akachukua kopo la rangi nyekundu, watu wamejaa, na fundi kavuka maji kuja kuona. Nyabweke akaandika ubavuni, kwa herufi kubwa za darasa la nne: BOTI YA. Akachovya brashi tena. Brashi ikasimama hewani, rangi ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Boti inavua mpaka leo na maneno mawili tu ubavuni, na watatu wale hawasalimiani. Brashi hii hapa. Wewe uliyesikiliza yote bila kukohoa, shika: ungeandika jina la nani?